Ushirikiano wa sanaa na vijana wenye ulemavu wa akili: jibu kwa mwalimu anayetaka kuanza

Swali: Ninafundisha kitengo cha vijana wenye ulemavu wa akili, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 14 hadi 20. Baadhi hawazungumzi, wawili wana kifafa na wengine wana hali ya Down (ulemavu wa kuzaliwa nao unaotokana na kromosomu moja ya ziada). Kikundi cha sanaa kilicho karibu na shule kimejitolea kuja kila wiki kufanya nao maigizo, ngoma na uchoraji. Mkuu wa shule amefurahi, ila anataka vijana waonyeshe igizo mbele ya wazazi katika wiki ya sita. Je, ushirikiano wa namna hii huwasaidia kweli, au ni kuwaburudisha tu? Na tukubaliane nini na wasanii kabla ya kuanza?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza mapema, kwa sababu mengi yanayoharibu ushirikiano wa aina hii huanzia katika mazungumzo ya mwanzo, wakati kila upande una nia njema na hakuna aliyeuliza mwenzake anatarajia nini. Kwa kifupi, ushirikiano huu unaweza kuwasaidia sana, lakini manufaa yake hayatokani na sanaa peke yake. Yanatokana na maamuzi ambayo kijana anaruhusiwa kuyafanya mwenyewe ndani ya kazi hiyo, na muda anaopewa wa kuyafanya. Vijana wengi wenye ulemavu wa akili huamuliwa karibu kila jambo tangu waamkapo hadi walalapo: wavae nini, waketi wapi, wacheze na nani, wanyamaze wakati gani. Kipindi cha sanaa kinaweza kuwa mahali ambapo kijana anachagua rangi, anabadili mwendo wa wimbo, anakataa nafasi aliyopewa katika igizo, na uamuzi wake ukaonekana katika kazi nzima. Kinaweza pia kuwa saa nyingine ya kufuata maelekezo, tofauti ikiwa tu kwamba anayeelekeza sasa ni msanii na si mwalimu. Yote nitakayokuandikia hapa chini yanahusu namna ya kupata lile la kwanza na kuepuka hili la pili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni hiyo wiki ya sita. Namwelewa mkuu wa shule. Wazazi wanataka kuona, na shule inataka wazazi waone. Lakini tarehe ya maonyesho ikishapangwa, watu wazima wote waliomo chumbani huanza kuifanyia kazi tarehe hiyo badala ya kuwafanyia kazi vijana. Mistari inaandikwa na msanii, mwalimu anawakaririsha vijana, wenye kuzungumza vizuri wanapewa nafasi za mbele, na wasiozungumza wanasimamishwa nyuma wakiwa wameshika maua. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini hivyo ndivyo inavyokuwa.

Fikiria habari za Judith Scott, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1943 akiwa na hali ya Down, ambaye pia alikuwa kiziwi bila uziwi wake kutambuliwa kwa miaka mingi. Alitenganishwa na pacha wake angali mtoto na kuwekwa katika taasisi za watu wenye ulemavu, akaishi humo kwa takriban miaka 35, hadi pacha huyo, Joyce, alipochukua ulezi wake na kumpeleka kuishi naye California. Mwaka 1987 alianza kwenda Creative Growth, studio iliyoanzishwa mjini Oakland mwaka 1974 kwa ajili ya wasanii wenye ulemavu. Kwa karibu miaka miwili hakuonyesha hamu kubwa ya kuchora wala ya kupaka rangi. Kisha akakutana na warsha ya sanaa ya nyuzi, akaanza kufunga vitu kwa uzi na vitambaa kwa namna ambayo hakuna aliyemfundisha, na aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2005. Sanamu zake zimeingia katika makumbusho makubwa, na mwishoni mwa mwaka 2014 Makumbusho ya Brooklyn yalifungua maonyesho ya kazi zake peke yake. Lau studio ile ingetaka kitu cha kuonyesha wageni katika wiki ya sita, Judith Scott angehesabiwa miongoni mwa wale wasioweza.

Sikuelezi haya ili utarajie kwamba kila kijana wako ataonyeshwa katika makumbusho. Nakueleza ili uone studio ile ilimpa nini hasa: nafasi ileile kila siku, vifaa vya aina nyingi, wasanii waliokuwepo bila kumharakisha, na uvumilivu wa kutoita kutoshiriki kwake kushindwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba umwombe mkuu wa shule siku ya wazazi iwe kipindi cha wazi. Wazazi waingie katika kipindi cha kawaida, wakae miongoni mwa vijana, wachore na kupiga ngoma pamoja nao kwa nusu saa, na waone kazi zilizobandikwa ukutani, kila moja ikiwa na jina la aliyeifanya. Igizo kamili lisubiri hadi kikundi chenyewe kitakapokuwa na jambo la kuonyesha, na kwa kikundi kinachokutana mara moja kwa wiki, nadhani mwaka mzima ni muda wa haki.

Kabla ya kipindi cha kwanza, wasanii waje darasani walau mara mbili bila kufundisha lolote, wakae na kutazama. Wakati huohuo wewe na wazazi mwandae ukurasa mmoja kwa kila kijana. Usiwe ukurasa wa vipimo vya daktari, bali wa mambo ambayo mtu mgeni anahitaji kuyajua ili afanye naye kazi: anasemaje ndiyo na anasemaje hapana, iwe kwa neno, ishara, macho au kugeuza mwili, sauti zipi humsumbua, anapochoka huonyesha vipi, anapenda kuguswa au hapendi, nani humtuliza. Pale kijana anapoweza kusaidia kuuandaa kwa picha, asaidie, kwa sababu ukurasa huo unamhusu yeye.

Mambo ya afya yaandikwe pia, kwa uwazi na bila kutisha. Kifafa ni cha kawaida miongoni mwa watu wenye ulemavu wa akili kuliko watu wengine. Huwapata takriban mmoja kati ya watano. Kila msanii ajue la kufanya: kupima muda wa degedege, kumlaza kijana ubavu inapowezekana, kumwondolea vitu vinavyoweza kumuumiza, kutomtia chochote mdomoni, na kutafuta msaada wa dharura degedege likizidi dakika 5. Ni sehemu ndogo tu ya wenye kifafa ambao degedege lao huchochewa na taa zinazomulika kwa kupepesa, lakini maonyesho hayazihitaji taa hizo, kwa hiyo ziachwe. Vijana wenye hali ya Down wanaweza kuwa na ulegevu wa maungio ya juu ya shingo, na kwa sababu hiyo sarakasi, kubinuka na kubebana kwa kichwa kuelekea chini visifanywe bila ushauri wa daktari. Wengi wao pia husikia kwa shida hata kama hawajawahi kupimwa, na kijana anayeonekana kutojali mdundo huenda hausikii vizuri. Mruhusu aweke kiganja juu ya ngozi ya ngoma, kisha utazame uso wake.

Katika mgawanyo wa kazi, kosa linalojirudia ni mwalimu kugeuka msanii msaidizi na msanii kugeuka mwalimu. Wewe unawajua vijana, na msanii anaijua kazi yake. Ushirikiano una thamani kwa sababu hamfanani. Msanii asije kufundisha kuhesabu kwa kupitia ngoma, wala asijiite mtabibu. Tiba kwa njia ya sanaa ni taaluma yenye mafunzo yake, na katika baadhi ya nchi mtu haruhusiwi kuifanya bila kusajiliwa. Kijana anaweza kutoka katika kipindi cha kuchora akiwa ametulia zaidi kuliko alivyoingia bila mtu yeyote kumtibu. Na ikitokea akachora au akaigiza jambo linaloashiria kwamba anaumizwa mahali fulani, kazi ya msanii ni kumpa taarifa mara moja mtu aliyeteuliwa na shule kwa mambo ya ulinzi wa watoto. Asimhoji wala asijaribu kufasiri mchoro.

Kuna kanuni moja ningependa iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani: hakuna mtu mzima atakayeigusa kazi ya kijana kwa nia ya kuirekebisha. Kuchanganya rangi kwa ajili yake, kumshikia karatasi isiteleze, kumfungulia chupa ya gundi, hayo ni msaada. Kuongeza jicho la pili kwenye uso aliouchora na jicho moja ni kumnyang'anya kazi yake. Najua kishawishi kilivyo kikubwa, hasa mzazi anapokaribia kufika, na ndiyo maana kanuni hii inapaswa kuwepo kabla ya siku hiyo.

Sasa niingie katika kipindi chenyewe. Kianze na kumalizika kwa namna ileile kila wiki, kwa wimbo au mdundo unaojulikana, na katikati mpangilio uonyeshwe kwa picha ukutani, ili kijana asiyesoma ajue kilichopita na kinachofuata. Saa moja inatosha mwanzoni, pamoja na kona tulivu ambayo yeyote anaweza kwenda bila kuomba ruhusa na kurudi akitaka. Nyimbo na michezo ilingane na umri wao: kijana wa miaka 18 hapaswi kuimbishwa nyimbo za chekechea kwa sababu tu anazifahamu, naye mara nyingi hujua kabisa kwamba anafanywa mtoto hata kama hana maneno ya kulisema jambo hilo.

Kuhusu kuchagua nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wasanii wenye nia njema hukosea bila kujua. Watafiti waliochunguza mahojiano na watu wenye ulemavu wa akili wameonyesha tangu miaka ya 1980 kwamba wengi wao huelekea kujibu "ndiyo" kwa maswali ya ndiyo au hapana, hata pale ndiyo zao mbili zinapopingana, na kwamba wakitajiwa machaguo mawili kwa maneno baadhi hushika lile la mwisho. Hii si ajabu kwa mtu ambaye maisha yake yote amesifiwa kwa utii. Kwa hiyo msanii anayeuliza, "Unapenda kuwa simba?" na kujibiwa ndiyo, hajajua lolote. Aweke mbele ya kijana vitu vyenyewe: kinyago hiki na kinyago kile, njuga na filimbi. Baadaye abadilishe upande wa kulia na kushoto aone kama chaguo linabaki lilelile. Akishauliza, anyamaze. Ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kurudia swali, kwa sababu kijana anayehitaji muda wa kulichakata swali hulazimika kuanza upya kila swali linaporudiwa kwa maneno mengine. Kimya hicho huwasumbua zaidi watu wazima kuliko vijana. Na kuwepo daima chaguo la tatu, yaani kutofanya lolote kati ya hayo. Kijana ambaye katika wiki ya nne anasukuma kinyago kando na kutikisa kichwa, ilhali mwanzoni alikubali kila alichopewa, amepiga hatua kubwa, na msanii anapaswa kuelezwa hivyo asije akadhani ameshindwa.

Kwa upande wa maigizo, msianze na maandishi. Msanii alete hali au kitu, kama vile mlango uliofungwa, barua, au mtu anayesubiri mwenziwe asiyefika, na vijana watende papo hapo wanavyoona. Msanii au wewe mwandike au mrekodi kilichotokea, kisha kile kilichopendwa kirudiwe hadi kiwe onyesho. Njia hii haimtegemei mwenye kumbukumbu nzuri ya mistari, nayo humpa nafasi asiyezungumza, kwa kuwa mwendo na kimya chake ni sehemu ya igizo tangu mwanzo. Back to Back Theatre, kampuni ya maigizo iliyoanzishwa mwaka 1987 huko Geelong, Australia, hutunga michezo yake kwa mazungumzo na maigizo ya papo hapo yanayoweza kuchukua miaka, na waigizaji wake wenye ulemavu hutambuliwa kuwa watunzi. Kampuni hiyo ilipata Tuzo ya Kimataifa ya Ibsen, ambayo ni tuzo ya tamthilia, mwaka 2022 na Simba wa Dhahabu wa tamasha la tamthilia la Venice mwaka 2024. Hao ni watu wazima wanaolipwa kwa kazi yao, na sitaki ulinganishe wanafunzi wako nao. Lakini njia yao ya kutunga inafaa katika chumba chochote chenye watu walio tayari kungoja.

Hati ya makubaliano na kikundi haihitaji kuwa ndefu. Itaje muda, na ningependelea mwaka mmoja wenye tathmini katikati, pamoja na wasanii walewale wawili watakaokuja kila wiki, kwa sababu uso mgeni kila wiki huwarudisha vijana mwanzo. Isemwe wazi kwamba hakuna mtu mzima atakayebaki peke yake na kijana mahali pasipoonekana, kwamba wasanii watachunguzwa rekodi zao kama sheria inavyotaka kwa wanaofanya kazi na watoto, na kwamba mwalimu au msaidizi atakuwemo chumbani muda wote. Ieleze nani anagharimia vifaa na nauli. Kuhusu malipo, kikundi kimejitolea, na hilo ni jambo jema, lakini wasanii wanaojitolea bila hata nauli kwa kawaida huanza kukosa wiki mojamoja mara kazi ya kulipwa inapojitokeza, nao hawana lawama. Tafuteni mapema posho hata ndogo, kutoka kamati ya wazazi au mfuko wa wilaya, kuliko kutegemea moyo peke yake.

Picha na video zihitaji ridhaa mbili, ya mzazi au mlezi na ya kijana mwenyewe, na ridhaa ya kijana iulizwe upya kila kamera inapotolewa. Picha ya kijana akiwa amelowa mate au amekasirika isiende mtandaoni hata kama mzazi alisaini. Kazi za sanaa ni mali ya aliyezifanya, na hakimiliki ni yake, ulemavu haumwondolei. Iwapo kuna kitakachouzwa, makubaliano yataje fungu la kijana, jinsi litakavyotunzwa na nani atampa hesabu. Wala kikundi kisitumie michoro yao kuchangisha fedha za shughuli nyingine bila kuwauliza.

Umeuliza kama manufaa ni ya kweli. Tafiti za eneo hili nyingi ni za vikundi vidogo, mara nyingi bila kikundi cha kulinganisha, na zinachoripoti zaidi ni kujiamini, furaha, na uhusiano na wenzao. Kwa hiyo usimwahidi mzazi kwamba ngoma itaongeza alama za kusoma, wala usiruhusu kikundi kimwahidi hivyo. Badala yake, kabla ya kuanza, andika kwa kila kijana mambo mawili au matatu unayoyaona sasa, kwa mfano kwamba hachagui chochote bila kuambiwa, au hamtazami mwenzake wakati wa zamu. Baada ya kila kipindi, wewe na wasanii mketi dakika 10 na kuandika nani alianzisha jambo, nani alikataa, nani alimsaidia mwenzake, na nani hamkumwona kabisa. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, kwa kuwa katika kila kikundi kuna kijana mtulivu ambaye wiki hupita bila mtu kumkumbuka, na wiki ijayo kipindi kianze na yeye.

Mkuu wa shule akihitaji hoja zaidi ya hizi, mwonyeshe Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara ya 30 inazitaka nchi wanachama kuwapa watu wenye ulemavu fursa ya kukuza na kutumia vipawa vyao vya ubunifu, vya kisanaa na vya kiakili, si kwa manufaa yao tu bali pia kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya pili husahaulika. Kikundi cha sanaa hakiji kutoa sadaka. Kinakuja kufanya kazi na watu ambao wana kitu cha kukipa.

Lililobaki ni mwisho wa mwaka, na hapa naomba uwe mkali. Ushirikiano mwingi huisha ghafla fedha zinapokwisha, na vijana waliomzoea msanii kwa miezi mingi hubaki wakimngoja mlangoni. Vipindi vinne kabla ya mwisho, weka kalenda ya picha ukutani, na kijana mmoja afute kipindi kimoja kila wiki. Zaidi ya hapo, kikundi kiulizwe tangu sasa kama kiko tayari kumpokea kijana anayemaliza shule awe mwanachama wa kawaida katika mazoezi yake ya kawaida. Wenye miaka 19 na 20 katika darasa lako wanakaribia umri ambao shule haitawahusu tena, na wengi wao watabaki nyumbani. Linganisha na Nnena Kalu: aliyepata tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza mwaka 2025, akiwa msanii wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kuipata, amefanya kazi na ActionSpace, studio ya wasanii wenye ulemavu wa akili, tangu mwaka 1999. Kikundi kikikubali kuwapokea hata vijana wawili, jambo hilo liingie katika hati ya makubaliano pamoja na jina la mwanakikundi atakayewasindikiza miezi mitatu ya mwanzo, na wazazi wao waitwe kukutana naye kabla vipindi vya shuleni havijaisha.